Tupeane uzoefu: Baridi ya ndani ya nyumba ughaibuni, na wapi pa kuhamia mtu aliyezoea joto

Kaka_wa_Pangani
Wakuu, salaam. Mdogo wangu wa kike kapata nafasi ya masomo sehemu mbili, Lisbon ya Ureno na Winnipeg ya Kanada. Simu inamwonyesha Lisbon mwezi wa kwanza nyuzi 12, Winnipeg nyuzi 20 chini ya sifuri. Nyumbani kuanzia mama mpaka shangazi wameshaamua: Lisbon. Mimi niko Glasgow, Uskoti, na jana usiku nimeamka pua imekufa ganzi nikiwa kitandani kwangu, ndipo nikakumbuka kwamba simu haisemi lolote kuhusu chumba atakacholala. Mlio nje, ndani ya nyumba zenu hali ikoje? Mliwezaje? Na mngechagua upya mngekwenda wapi?

Mama_Wawili_Leeds
Umenigusa pabaya, kaka. Leo siko zamu, acha niandike.

Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa zile za Leeds zilizopeana mgongo. Ukuta wa nyuma ni wa jirani, mlango na madirisha yote yako mbele. Matofali ya zamani, ndani ya ukuta hakuna kitu cha kushika joto. Gesi ni ya mita ya kulipia kabla, LUKU yao. Sasa jambo ambalo hatukuambiwa na mtu: mita ile ina ada ya kila siku. Majira ya joto huwashi gesi, lakini ada inajilimbikiza kimya kimya. Ukifika Oktoba ukaweka pauni 20, mita inakata deni kwanza, inakuachia za kuoga tu.

Usiku ninaoukumbuka ni wa Januari. Mume wangu yuko zamu kwenye nyumba ya wazee. Saa tano boila, ule mtambo wa gesi unaopasha maji na nyumba, ikazima, salio limekwisha, na lile la dharura tulishalitumia. Duka la kuongezea salio limefungwa. Nikawavalisha watoto masweta juu ya nguo za kulalia, nikawalaza kitanda kimoja, nikawafunika kila kitu chenye uzito, mpaka mapazia. Mdogo alikuwa na kikohozi tangu Desemba na kifua kilikuwa kinapiga filimbi. Nikasema nisogeze kitanda kitoke kwenye ukuta wa nje. Kuvuta kabati, nyuma yake ukuta mzima mweusi. Ukungu. Doti ya kanga aliyonipa mama siku ninaondoka ilikuwa chini ya kabati, imejaa madoa. Nililia kwa hasira, si kwa kanga. Mwanangu alikuwa akivuta hewa ile tangu baridi ianze.

Wakala wa nyumba alinijibu kwamba eti ninachemsha sana maharage na ninaanika nguo ndani. Nguo nianike wapi na mvua ile? Nikapiga picha, nikaandika halmashauri. Akaja mkaguzi na kifaa chake cha kupima unyevu, akakuta maji yanapenya ukutani na feni ya jikoni haivuti chochote. Mwenye nyumba akalazimishwa kutengeneza. Msikubali kuambiwa ni mapishi yenu! Pale Rochdale mtoto Awaab Ishak, wa miaka miwili, alifariki Desemba 2020 kwa sababu ya ukungu wa ndani ya nyumba, na wazazi walikuwa wamelalamika. Sheria yenye jina lake imeanza Oktoba 2025 kwa nyumba za halmashauri na za mashirika ya nyumba: hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Sisi tunaopanga kwa watu binafsi bado tunaisubiri.

Chausiku_Coventry
Pole sana dada. Hiyo ada ya kila siku ndiyo iliyonimaliza na mimi.

Mkinga_Halisi
Watu wa pwani mnadeka. Makete mwezi wa saba asubuhi unakuta barafu kwenye majani, watoto wanaamka wanakwenda shule, hakuna redieta, hayo mabomba yenu ya joto ukutani, wala boila. Mtazoea.

Mama_Wawili_Leeds
Kaka, Makete jioni familia nzima mnakaa jikoni kwenye moto wa kuni. Mimi nyumba ya kupanga kuni naziwashia wapi? Na mwanangu hakuwa anadeka, alikuwa anaumwa.

Mkinga_Halisi
Mtoto sijamgusa, nimesema wakubwa. Mtoto pole.

Harbin_mpaka_Wuhan
Kaka wa Pangani, swali lako nimelijibu kwa mwili wangu. Nilisoma lugha mwaka mmoja Harbin, kaskazini ya China. Nje nyuzi 25 chini ya sifuri, kope zinashikana. Ndani ya bweni tunavaa fulana na tunafungua dirisha kupunguza joto! Kisha nikahamia Wuhan kwa shahada, wenzangu wakanipongeza kwamba nimeepuka baridi. Weee. China tangu miaka ya 1950 kuna mstari, milima ya Qinling na mto Huai. Kaskazini ya mstari serikali iliweka mabomba ya joto mjini kote, kusini hapakuwekwa. Wuhan iko kusini. Nje nyuzi 3, ndani nyuzi 7, kuta zinatoa unyevu, darasani watu na makoti. Kiyoyozi cha chumbani kinapuliza joto juu darini, miguu iko kwenye sakafu ya baridi. Nimeumwa zaidi Wuhan kuliko Harbin. Usiangalie nyuzi za nje.

Tripeiro_wa_Tanga
Naunga mkono. Niko Porto. Februari tunatoka nje kuota jua kwa sababu ndani kuna baridi kuliko nje. Nyumba nyingi hazina mfumo wa kupasha joto, sakafu ni marumaru, na mvua ikianza mashuka hayakauki. Takwimu za Umoja wa Ulaya za 2023 ziliiweka Ureno pamoja na Hispania juu kabisa kwa watu wasiomudu kupasha nyumba zao joto, kama mmoja kati ya watano. Bora ununue mashine ya kunyonya unyevu kabla ya hita. Inajaza ndoo ya maji kila siku, chumba kikikauka baridi yenyewe inapungua ukali.

Bwana_Mipango
Dawa ya baridi ni kuoa. Nimemaliza.

Chausiku_Coventry
Nimeolewa, na miguu yake ndiyo baridi kuliko ukuta. Lete ushauri wa maana.

Uvira_Houston
Ndugu zangu, ninyi mnaongelea baridi ya kila mwaka. Acheni niwaeleze ya Texas, Februari 2021, maana nikisoma huyo anayesema moto wa kuni moyo umenipiga.

Mimi ni wa Uvira, nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa Houston. Tulichagua? Hatukuchagua, lakini tulishukuru kwa joto lile, maana lilikuwa la kwetu. Ile Jumatatu ya tarehe 15 usiku umeme ukakatika. Siyo mtaa wetu tu, mamilioni ya nyumba jimbo zima. Mitambo ya gesi na umeme iliganda kwa sababu haikujengwa kwa baridi. Nje ikashuka kufikia nyuzi 10 chini ya sifuri. Nyumba za hapa ni za mbao nyepesi, kila kitu kinatumia umeme. Mabomba yakapasuka darini, maji yakawa yanamwagika sebuleni na kuganda.

Kwenye ghorofa yetu kulikuwa na familia nyingine ya Kikongo, mama na watoto wanne. Jumanne jioni nikampelekea chai. Nagonga, hakuna anayejibu, ila nasikia mtoto analia taratibu. Nikasukuma mlango. Pale katikati ya sebule jiko la kuchomea nyama, mkaa umekolea mwekundu, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Chumba kina joto zuri. Mama kaegemea kochi, ananiangalia lakini hawezi kusema. Mmoja katapika. Kaka yake mkubwa namwita jina, haitiki.

Nilimbeba yule mkubwa kwanza nikamtupa koridoni kwenye baridi, nikarudi, nikapiga kelele kwa Kiswahili, majirani Wahondurasi wakaja bila kuelewa neno. Tukawatoa wote. Zimamoto walipofika kifaa chao kilianza kulia wakiwa bado mlangoni. Hospitali iliwapa hewa ya oksijeni, na kulikuwa na familia nyingine kibao pale kwa shida ile ile. Wote watano walipona. Yule kijana aliumwa kichwa miezi.

Ile hewa haina harufu, wala haikuumizi macho. Unasikia usingizi tu, na unafurahi kwamba sasa umepata joto. Mama yule alipika kwa mkaa kambini miaka yote, lakini kule kuta ni za matofali ya udongo na hewa inapita juu. Nyumba ya hapa ukiifunga imefungwa.

Chausiku_Coventry
Yesu wangu. Nimesoma nimesimama.

Harbin_mpaka_Wuhan
Mungu akubariki kwa kugonga ule mlango.

Kijana_Dallas
Na je oveni ya gesi? Sisi tulifungua mlango wa oveni usiku kucha kipindi kile na hatukupata shida.

Uvira_Houston
Hamkupata shida safari ile. Usimwambie mtu mwingine kwamba inafaa.

Kijana_Dallas
Nasema kilichotokea, sijamshauri mtu.

Fundi_Boila_Manchester
Kijana, mimi ndiyo kazi yangu. Oveni imetengenezwa kupikia. Ukiiacha wazi masaa inatoa kaboni monoksaidi ile ile. Kila nyumba yenye gesi, mkaa au kuni inunue king'ora chake, ni bei ya viatu vya mtoto. Zima mjadala.

Mkinga_Halisi
Ndugu wa Uvira, umenikumbusha. Njombe na Makete kila msimu wa baridi tunasikia watu wamelala na jiko la mkaa hawakuamka. Bibi yangu alikuwa halali mpaka ahakikishe jiko liko nje. Nilichoandika juu kuhusu kudeka nimekifuta moyoni.

Wambui_wa_Limuru
Limuru ni hivyo hivyo, Julai. Jiko litolewe nje kabla mtu hajalala, hata kama mkaa umebaki majivu.

Kaka_wa_Pangani
Asanteni sana. Fundi, kwa kuwa upo: niwashe hita kidogo siku nzima au niwashe na kuzima?

Fundi_Boila_Manchester
Washa unapokuwepo, zima unapotoka. Nyumba inayovuja joto ukiiwasha siku nzima unapasha barabara. Boila hizi mpya shusha joto la maji ya redieta mpaka nyuzi 60, utachoma gesi kidogo. Gusa redieta: ikiwa baridi juu na moto chini, kuna hewa, itoe kwa kile kifunguo kidogo. Ikiwa baridi chini na moto juu ni tope ndani, muite fundi. Na hita ya kuchomeka ukutani iwe ya dharura, maana bei ya uniti ya umeme hapa ni kama mara nne ya uniti ya gesi.

Mama_Wawili_Leeds
Hapo sikubaliani. Nyumba yenye ukungu ukizima kila ukitoka kuta zinapoa, mvuke unageuka maji ukutani, ukungu unarudi. Mimi naacha nyuzi 16 ndogo ndogo, na nikiwepo 18, ndiyo kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri.

Fundi_Boila_Manchester
Dada, kwa nyumba yenye tatizo la unyevu unayo hoja. Lakini fungua madirisha dakika chache asubuhi, pande zote mbili, mvuke utoke.

Mama_Wawili_Leeds
Ya mgongo kwa mgongo haina pande mbili.

Chausiku_Coventry
Blanketi la umeme la kulalia. Linakula kama balbu ya zamani tu. Pasha kitanda, achana na chumba.

Mzalendo_Arusha
Mateso yote haya ya nini? Rudini nyumbani. Arusha hali ya hewa nzuri mwaka mzima.

Uvira_Houston
Wengine tukirudi tunarudi wapi, ndugu?

Mzalendo_Arusha
Samahani, sikukusudia wewe.

Mwana_wa_Maskati
Sisi tatizo letu kinyume. Muscat, Oman, mwezi wa sita nje inapita nyuzi 40, ndani viyoyozi vimewekwa 18 na wazee viungo vinauma. Anayetafuta hali ya hewa nzuri Ghuba aangalie Salalah, kusini ya Oman. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba kuna ukungu wa mvua ndogo ndogo, milima ya kijani, nyuzi 25 hivi, minazi na migomba barabarani. Wazee wetu waliotoka Unguja wakifika pale wananyamaza.

Perth_ya_Babu
Perth, Australia, jua lipo, bahari ipo, kazi zipo. Ila nyumba ni za matofali bila kinga ya joto, Julai usiku inashuka chini ya nyuzi 10 na unaisikia yote. Kiangazi inafika 40. Mimi ningechagua tena, kwa sababu baridi yenyewe haikai miezi mingi.

Msomi_Durban
Durban. Baridi yao mchana ni nyuzi 22. Ila asidanganywe na Johannesburg, ni nchi ile ile lakini Julai usiku inakaribia sifuri na nyumba hazina kitu.

Peg_City_Mama
Mbona hakuna mtu wa Winnipeg aliyejibu? Mwambie binti aje. Nyumba ndani nyuzi 21 wakati wote, ukuta umejazwa, dirisha la vioo viwili au vitatu, maana bila hivyo watu wangekufa na sheria inajua hivyo. Gari linachomekwa umeme usiku injini isigande. Shida iko kituo cha basi: upepo ukivuma, ngozi iliyo wazi inaganda kwa dakika chache, kwa hiyo uso ufunikwe. Ndani hewa ni kavu, pua zinatoka damu, aweke chombo cha mvuke na ajipake mafuta. Na vitamini D kila siku, sisi weusi jua la huku halitutoshi.

Tripeiro_wa_Tanga
Lakini giza? Miezi mitano ya theluji? Lisbon ana jua, ana samaki, ana watu wa Msumbiji wa kumfariji. Baridi ya ndani inanunuliwa dawa.

Peg_City_Mama
Giza ni la Tromsø, kaskazini ya Norwe, kaka. Winnipeg ina jua kali la baridi siku nyingi. Na Lisbon hiyo dawa atainunua kwa hela ipi, mwanafunzi?

Kaka_wa_Pangani
Nimemsomea yote kwa simu. Anauliza: kodi ya Winnipeg joto limo?

Peg_City_Mama
Bweni la chuo limo. Fleti nyingi za mtaani joto na maji vimo, umeme unalipa mwenyewe, ila asome mkataba mstari kwa mstari kabla ya kusaini. Jaketi na viatu asinunue Dar, havitafaa. Anunue huku, na aje mwezi wa nane ili baridi impande taratibu. Anitumie ujumbe, nitampokea uwanja wa ndege.