Hofu ya usiku hapa Mpondwe: msalaba unanisaidiaje?

MamaChumvi (Mpondwe, Kasese, Uganda):
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nauza chumvi ya Katwe hapa mpakani, wateja wangu wengi ni kina mama wa ng'ambo, Kongo. Mchana sina neno. Shida ni usiku. Tangu wale watoto wa shule wauawe hapa kwetu Juni 2023, giza likiingia tu moyo unaanza kwenda mbio. Pikipiki ikizimwa karibu na ua, naanza kupapasa watoto kitandani, mmoja mmoja, nijue wote wapo. Zaburi ya 91 naijua kwa kichwa, lakini hofu iko palepale. Jumapili mhubiri alituambia tuutazame upendo wa Yesu msalabani. Naamini. Ila naomba mtu anieleze taratibu, upendo huo unanifikiaje saa nane za usiku? Siulizi kwa kejeli.

Mlokole_Bwera:
Dada, hiyo ni imani haba. 1 Yohana 4:18 iko wazi: katika pendo hamna hofu. Funga na kuomba, uikemee hiyo roho ya woga.

Mzee wa Kabale:
Ndugu wa Bwera, pole pole. Huyo mama majirani zake wamezika watoto, usimtwike mzigo mwingine. Soma na mstari wa 17 hapo hapo: Yohana anazungumzia siku ya hukumu, kwamba aliyependwa na Mungu haogopi adhabu yake. Habari ya kusikia pikipiki usiku haimo. Na Bwana mwenyewe kule Gethsemane, Luka anasema hari yake ilikuwa kama matone ya damu. Utamkemea naye?

Sisi wa Kigezi, huku Kabale, tunamkumbuka Askofu Festo Kivengere. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na utawala wa Rais Idi Amin, Kivengere alikuwa anatafutwa. Alifanya nini? Alikimbia. Yeye na mkewe walipanda milima kwa miguu, usiku, mpaka wakaingia Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa London kanisani, likamshika lile neno la msalabani, "Baba, uwasamehe," akaona hana budi kumsamehe Amin. Mkimbizi huyo! Alirudi nyumbani 1979, Amin alipoangushwa. Kwa hiyo mtu akikuambia anayeogopa hana Kristo, mwambie aje Kabale tuongee. (Kiswahili changu ni cha reli, mnivumilie.)

Sasa swali lako, mama. Soma Yohana 19:26-27. Ana misumari mikononi, pumzi inamwishia, na bado anamwona mama yake pale chini, anamkabidhi kwa yule mwanafunzi. "Na tangu saa ile mwanafunzi yule akamchukua nyumbani kwake." Mimi hapo ndipo ninapouona upendo wake kuliko mahali pengine pote. Maria hakuondolewa uchungu, mwanawe alikufa mbele ya macho yake. Lakini usiku ule hakulala peke yake. Wewe unalala na nani hapo?

MamaChumvi:
Ni mimi na watoto tu, mzee. Baba yao yuko kazini Kampala. Nyumba ya pili kuna bibi mjane, naye halali, namsikia akikohoa mpaka alfajiri.

Mzee wa Kabale:
Basi leo kabla ya giza nenda umbishie hodi. Mwambie mkeka upo, na mtasali pamoja. Hiyo saa nane yako mtakuwa wawili.

Dereva_Malaba:
Mzee amesema. Mimi naongeza, namba ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) iwe karibu kwenye simu, na simu iwe na chaji.

MamaChumvi:
Bibi amekubali, ila anataka kuja na mbuzi wake. Na je, nikiwapeleka wadogo kwa dada yangu Kasese mjini likizo hii, si nitakuwa nimemkimbia Mungu?

Mzee wa Kabale:
Wapeleke, mama. Na mbuzi mkaribishe.