Naomba ushauri: "comely" niifasirije?

Wakuu, nafasiri hadithi ya Kiingereza cha zamani na neno "comely" (hutamkwa kamli) linanipa shida. Kwa mtu, ni sura na umbo la kupendeza, bila makeke. "Mrembo" naliepuka: linabeba kujiremba, tena huitwa zaidi wanawake, ilhali Biblia ya Kiingereza ya 1611 inamwita Daudi, mwanamume, "comely", 1 Samweli 16:18. Ukienda Zaburi 33:1 katika Biblia hiyohiyo, maana inageuka kabisa: sifa "zinafaa" kwa wanyofu. Kwa hiyo likielezea tendo naandika "-a kufaa", hapo sina wasiwasi.

Kinachonikwamisha ni mjane wa makamo anayeitwa "comely". "Mwenye haiba" naona linaelemea mwenendo kuliko sura. "Mzuri" halina uzito. Je, "mwenye sura jamili" litaeleweka kwa msomaji wa leo?