Usife kabisa, au ufe ukiwa umeshaonyeshwa ya huko? Tupeane uzoefu

Mjukuu wa Langoni
Assalamu alaikum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Jana baada ya isha barazani hapa Lamu lilizuka swali likatuchelewesha kulala. Umewekewa mambo mawili, chagua moja. La kwanza: hufi. Unabaki papa hapa duniani, mwili mzima na meno yako yote, miaka elfu ije iende. La pili: utakufa kama wenzako, ila kabla ya hapo umeonyeshwa kwa macho yako, bila shaka hata chembe, kwamba baada ya kaburi kuna maisha. Naomba tusihubiriane. Kila mtu alete kilichompata mwenyewe kikamfanya aelemee upande mmoja.

Naanza mimi. Bibi yangu alivuka miaka tisini. Nguvu alikuwa nazo; aliketi kitandani na kijaluba chake cha tambuu, popoo akipasua mwenyewe. Kilichokwisha ni wenzake. Waliocheza naye utotoni, walioolewa mwaka mmoja naye, wote walikuwa makaburini. Alikuwa akisema "Mngu menisahau", wala si kwa uchungu, kama mtu aliyeachwa na boti ya Mokowe.

Halafu akaanza kusahau kuwa wamekufa. Asubuhi ananiita: "Ndoo, mwanangu. Nenda kamuuze (kamuulize) Bi Fulani ameamkaje." Siku ya kwanza nikamwambia ukweli, kwamba Bi Fulani alishafariki zamani. Akalia kana kwamba habari imefika saa ile ile. Kesho yake akanituma tena, nikamwambia tena, akalia tena. Siku ya tatu nikatoka, nikasimama kwenye daka (kibaraza cha mlangoni) la jirani pamoja na punda wake, kwa muda unaomtosha mtu kwenda na kurudi, nikaingia: "Hajambo bibi, akusalimu sana." Utarishi huo niliufanya karibu mwaka mzima. Kwa hiyo mtu akinitajia kuishi milele, kinachonijia kichwani ni mimi na yule punda.

Kijana wa Maweni
Mie naishi, jamani. Jina langu liandikeni la kwanza. Hiyo hoja ya kwamba wenzako watakwisha hainitishi. Desemba 2004, tsunami ilipofika hapa Malindi, watu walimtoa baharini mtoto wa kiboko aliyepotezana na kundi lake. Nilikuwa mdogo, nikayaona yote nikiwa begani kwa mjomba. Akapelekwa Bamburi, na huko akamganda kobe dume aliyekadiriwa kuwa na miaka 130 hivi. Mwanzoni kobe alikuwa akimkimbia (kwa mwendo wake wa kobe), baadaye ikawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Mkongwe wa miaka 130 amepata rafiki mpya, tena si wa jamii yake! Bibi alikosa kiboko tu. Nisamehe kaka, natania.

Mjukuu wa Langoni
Umesamehewa. Angekucheka.

Mtembeza Wageni
Kazi yangu ni kupeleka wageni magofuni Takwa, kisiwani Manda. Tunaingia kwa mkondo wa mikokoni maji yakijaa, yakitoka umekwama. Pale kuna kaburi la mnara lenye mwaka 1094 wa Hijria, na mpaka leo watu wa Shela huenda kuomba mvua hapo. Mji wenyewe ulihamwa. Ziko sababu mbili zinazotajwa: ugomvi na watu wa kisiwa cha Pate, na visima kugeuka chumvi. Mgeni mmoja alichungulia kisimani muda mrefu, mwisho akaniuliza: wangebaki, wangekunywa nini? Sikuwa na jibu, nikampeleka kwenye mbuyu apige picha. Tangu siku ile mtu akiniambia "hufi" namuuliza kwanza habari ya maji. Huyo aliyetunga swali lenu hajawahi kuteka.

Deni Halifi
Nachukua la kwanza mpaka mkopo wa sako uishe, halafu nihamie la pili. Inaruhusiwa?

Mama wa Faza
Nimewasoma tangu mwanzo nikawa nasita kuandika.

Mwanangu wa pili alitoka kuvua wakati wa kusi. Mashua ilipatikana, yeye hakupatikana. Akaswaliwa salatul ghaibu, swala ya maiti asiyekuwepo, watu wakatawanyika. Sina kaburi. Wenzangu wakienda kuzuru Ijumaa mimi nabaki jikoni. Ninacho kikoi chake, ambacho sikukifua. Ukikikunja chumvi inadondoka pale alipokuwa akikifunga kiunoni. Kila mwaka inadondoka kidogo zaidi ya mwaka uliopita, nami nimeacha kukikunja.

Niliwahi kusema mbele ya watu kwamba natamani nionyeshwe yuko wapi. Shekhe mmoja akanikemea, eti huo ni upungufu wa imani. Nikanyamaza kwa adabu. Lakini Nabii Ibrahim si alimwomba Mola wake amuonyeshe anavyohuisha wafu? Akaulizwa, kwani huamini? Akajibu naamini, ila moyo wangu upate kutulia. Hakufukuzwa. Aliambiwa atwae ndege wanne. Mimi nami naamini, jamani. Ndege wanne ni wengi, ningetosheka na mmoja.

Miaka elfu wapeni vijana. Mimi nikae nayo nikitazama mlango?

Kijana wa Maweni
Shikamoo mama. Nimenyamaza.

Wa Marafa
Sisi Wagiriama swali hili linatupita kando. Kwetu aliyekufa hajaenda mbali, ni koma, na akikosa kitu anasema. Babu yangu alikuwa wa Gohu, chama cha wazee. Baada ya kufa alimjia baba ndotoni analalamika baridi. Baba akatafuta fundi wa kuchonga kigango, nguzo ya mti ya kumkumbuka marehemu, kisha akaenda dukani Malindi kununua vitambaa vya kukivisha. Nilifuatana naye. Alibishana bei na mwenye duka kama mzazi anayenunua sare ya shule, akaondoka mara mbili, akarudi mara mbili. Ndipo babu alipoacha kuja. Mimi ushahidi niutafute wapi tena?

Lakini tusidanganyane, kigango chenyewe kiliibwa. Huuzwa ng'ambo viwekwe sebuleni kama mapambo. Viwili vya familia nyingine vilivyoibwa 1985 vilirudishwa kutoka Marekani mwaka 2007, na cha babu bado tunangoja. Maana yake hata ukishakufa wezi hujawaepuka. Baba siku hizi analala vibaya.

Mama wa Faza
Pole baba. Na wewe mwanangu wa Langoni, zile salamu ulizokuwa ukimletea, bibi alikuwa akisemaje?

Mjukuu wa Langoni
Siku nyingi alisema alhamdulillahi, akaendelea na popoo zake. Wiki yake ya mwisho ilikuwa ya mvua. Nikaenda zangu pale kwenye daka, nikarudi, nikampa salamu kama kawaida. Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Mvua yote hini, nawe u mkavu."

Nikakosa la kusema. Akanikatia nusu ya popoo yake, akanipa.

"Kesho usende. Muwate (mwache). Naya (naja) mwenyewe."