Ziwa Victoria limefika Tabora: tumwagilie Wembere au tunywe tu?

Mwana wa Unyanyembe: Wakuu, kuna bonde linaitwa Imperial, California, kwenye mpaka wa Marekani na Mexico. Jangwa tupu, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 100. Lakini wana mfereji kutoka mto Colorado, na majira ya baridi Wamarekani wanakula mboga za huko. Sisi mvua tunapata mara nane ya hiyo au zaidi, maji ya Victoria yameshafika Igunga, Nzega na hapa mjini, na mbuga ya Wembere, ile tambarare ya tope jeusi, imekaa tu. Tunashindwa nini kuchimba mfereji? Au tumezoea kulala chini ya mwembe tukisubiri kifuku, yaani masika?

Jaluba Tatu: Nani analala chini ya mwembe? Mimi niko Igunga, saa kumi na moja alfajiri nimeshaingia mbugani. Tope jeusi linang'ang'ania buti mpaka nazivua na kutembea pekupeku. Tuta la jaluba la mpunga likipasuka usiku unaliziba kwa mikono na tochi mdomoni, maana hayo ni maji ya mvua ya juzi na hujui nyingine ni lini. Futa kauli yako.

Mwana wa Unyanyembe: Utani tu mzee wangu.

Mama Asali: Utani una wenyewe. Wewe Mnyamwezi mwenzetu, si Mzaramo. Na miembe yetu uiache kama ilivyo, ada za wanangu wawili zilitoka kwenye ndoo za maembe pale stendi.

Bomba la Nne: Turudi kwenye mada kabla hatujaharibikiwa. Yaliyofika ni maji ya bomba: yamechujwa, yametiwa dawa, yamesukumwa na pampu za umeme. Eka moja ya mpunga inaweza kunywa mita za ujazo elfu nne kwa msimu. Piga hesabu, ni madumu laki mbili ya lita 20. Bili hiyo utaipeleka kwa nani? Na huo mfereji wa Wamarekani, ulikuwa wa udongo ukivuja, na wakulima wa Mexicali upande wa pili wakawa wanavuta mivujo kwa visima. Wenzao walipousakafia zege ili kuokoa maji, visima vikaanza kukauka. Maji ya mpakani hata yanayovuja yana mwenyewe.

Kijana wa Cheyo: Misri wenyewe hawatakubali, Nile yao inatoka Victoria. Kuna mkataba wa 1959, ziwa lile huchoti ndoo bila ruhusa yao.

Mgebuka: Afadhali yenu mna cha kugombania. Sisi Kigoma Tanganyika tunaliona dirishani na mama yangu Mwandiga bado anabeba ndoo kichwani. Halafu Mama Asali, kwa miembe mtulie. Stanley na Livingstone mwaka 1871 walikutana Ujiji, chini ya mwembe wetu, si wa Tabora.

Mama Asali: Mwembe gani mwanangu? Ule ulishakufa zamani, mnaonyesha watalii vipandikizi. Na huyo Stanley kufika kwenu alipitia wapi? Kwihara hapa, alikula na kulala.

Mgebuka: Kwa hiyo kwenu ni gesti?

Jaluba Tatu: 😂 Lakini hajafuta.

Mwalimu Mstaafu: Kijana wa Cheyo, mkataba wa 1959 ni wa Misri na Sudan. Unaoufikiria ni wa 1929, Mwingereza alipokubaliana na Misri kwa niaba ya makoloni yake, na Tanganyika iliukana 1962, kwa msimamo wa Mwalimu Nyerere kwamba nchi huru haifungwi na saini ya mkoloni. Mwaka 2024 mkataba mpya wa bonde la Nile umeanza kufanya kazi, sisi tumo, Misri imeukataa. Wazo la Wembere nalo si geni. Wajerumani, kabla ya vita ya kwanza, walitaka kuyaleta maji ya Victoria kwa mfereji huko huko, walime pamba.

Ila mnisikilize hapa. Wembere haitoki kwenda baharini. Maji yake yanaishia kwenye maziwa ya Kitangiri na Eyasi, na Eyasi ni magadi. Bonde la Imperial liko vilevile: mwaka 1905 Colorado ilibomoa ukingo, ikamwaga maji bondeni karibu miaka miwili, likazaliwa ziwa la Salton. Tangu hapo linapokea maji ya mashambani yaliyobeba chumvi. Sasa lina chumvi kuliko bahari, samaki wamekufa, na kingo zikikauka vumbi linaingia kwenye vifua vya watoto. Kabla ya kuuliza maji yatatoka wapi, tuulize chumvi itakwenda wapi.

Kijana wa Cheyo: Shikamoo Mwalimu. Kumbe 1929.

Bomba la Nne: Mgebuka, gesti ndiyo yenye bomba.

Mgebuka: Bomba lenu linatoa maji siku ngapi kwa wiki? Sema ukweli.

Bomba la Nne: Inategemea mtaa.

Mama Asali: Mtaa wangu tangu Jumatatu linatoa upepo, mita inazunguka. Wembere mnayoisema itamwagiliwa na huo upepo?

Mwana wa Unyanyembe: Jamani mada ilikuwa umwagiliaji.

Jaluba Tatu: Mada ni ile kauli. Unafuta, hufuti?