Defender inajiwasha tena kila nikiizima, kompyuta ya duka imekuwa kobe

MzeeWaStoo

Habari za mchana wakuu. Kompyuta ya mezani ipo kwenye duka la jumla, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo. Core i3, RAM GB 4, diski ya kuzunguka GB 500, Windows 10 Home. Kazi yake ni programu ya hesabu na stoo, pamoja na Excel, basi. Kila asubuhi ikiwashwa, Task Manager inaonyesha diski 100% na anayeila ni Antimalware Service Executable, yaani Defender, antivairasi ya Windows yenyewe. Risiti moja, mteja anasimama dakika nzima. Nikiizima kule Windows Security inatulia, kesho yake ipo palepale. Halafu imenifutia faili moja. Nataka kuizima moja kwa moja. gpedit.msc, ile ya kuhariri sera za Windows, nimeitafuta, haipo. Naomba hatua kwa hatua.

fundi_gerezani

Rahisi tu mkuu. Fungua regedit (kihariri cha rejista, yaani mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender, tengeneza DWORD (thamani ya namba) iitwayo DisableAntiSpyware, weka 1, restati. Kwisha habari yake.

BiNjiti

fundi_gerezani, hiyo dawa iliisha nguvu zamani. Tangu Agosti 2020 Defender kwenye Windows za kawaida haiisomi tena DisableAntiSpyware. Utaiandika, itakaa pale, na Defender itaendelea kama haijakuona. Mbaya zaidi, kuna virusi vinavyoandika thamani hiyohiyo, kwa hiyo ukiiacha, fundi atakayekuja baadaye atadhani mashine imevamiwa.

MzeeWaStoo, kinachokurudisha nyuma ni mambo mawili. La kwanza, swichi ya Real-time protection imetengenezwa kuwa ya muda: ukiizima inajirudisha yenyewe baada ya muda mfupi, au mara tu ukirestati. La pili ni Tamper Protection, iliyokuja mwaka 2019. Hiyo inazuia rejista na amri zisizime ulinzi wa Defender hata kama wewe ni Administrator. Na gpedit huioni kwa sababu Home haina. Ipo kwenye matoleo ya Pro, Enterprise na Education.

Kuizima kwa muda, mathalani unafunga programu ambayo inakataa kuingia: Start, andika Windows Security, fungua Virus & threat protection, shuka kwenye Virus & threat protection settings, bofya Manage settings, zima Real-time protection, kubali Yes. Kabla ya hapo chomoa waya wa intaneti na flashi zote. Ukimaliza iwashe mwenyewe, usingoje ijirudishe. Kuhakiki, bofya kulia Start, fungua PowerShell ya Admin (dirisha la kuandikia amri), andika:

Get-MpComputerStatus | select RealTimeProtectionEnabled, IsTamperProtected

Zote mbili ziseme True.

saa_saba_mchana

Naongezea kwa BiNjiti. Swali lenyewe naona limekaa upande. Wewe hutaki Defender ife, unataka isikague folda ya hesabu kila risiti inapoandikwa, na isianze kuskani wakati wateja wamejaa. Yote mawili yanawezekana bila kuizima.

Anza kwa kujua inasumbuka na nini, usikisie. PowerShell ya Admin:

New-MpPerformanceRecording -RecordTo C:\rekodi.etl

Iache iendelee, toa risiti tano au sita kama kawaida, rudi ubonyeze Enter. Kisha:

Get-MpPerformanceReport -Path C:\rekodi.etl -TopFiles 10 -TopProcesses 10

Utaona mafaili yanayokaguliwa kwa muda mrefu zaidi na programu iliyoyafungua. Kwa programu za hesabu mara nyingi ni faili lilelile la data, linafunguliwa na kufungwa kila muamala, na kila likifunguliwa linakaguliwa upya. Ukishaliona, toa ruhusa kwa folda yake tu, yaani Defender isiikague:

Add-MpPreference -ExclusionPath "D:\Hesabu\Data"

Alama za nukuu usiziache kama jina la folda lina nafasi. Na iwe Add, isiwe Set. Ukiandika Set-MpPreference -ExclusionPath unafuta orodha yote ya zamani na kuweka hiyo moja. Wengi wanaumia hapo bila kujua.

Kama data ipo kwenye kompyuta nyingine ya dukani na wewe unaiona kama Z:, ukiandika Z:\ haitafanya kazi, maana Defender inaendeshwa na akaunti ya mfumo na haiijui Z: yako. Andika njia kamili, \\jina-la-kompyuta\folda. Na kwenye ile kompyuta yenye data nako weka ruhusa kwa njia ya huko.

Usiruhusu C:\ nzima, wala Downloads, wala Desktop, wala folda ya Temp. Hapo ndipo virusi hutua kwanza. Ukitaka kuruhusu programu badala ya folda, tumia -ExclusionProcess pamoja na njia kamili ya exe. Ukiandika jina tupu "hesabu.exe", kirusi chochote kikijiita hivyo, mafaili kinayoyafungua yanapita kama mgeni mwenye kadi.

Sasa ile ya asubuhi. Matengenezo ya Windows yamepangwa saa nane usiku. Duka limefungwa, swichi imezimwa ukutani, kazi inabaki kiporo, na kompyuta ikiwashwa ikatulia kidogo tu inaanza. Mpe muda wake:

Set-MpPreference -ScanScheduleDay 6
Set-MpPreference -ScanScheduleTime 13:00:00
Set-MpPreference -ScanAvgCPULoadFactor 20
Set-MpPreference -DisableCpuThrottleOnIdleScans $false

6 ni Ijumaa, maana Microsoft wanahesabu kuanzia Jumapili. Sisi tungesema ya saba. Na saa saba mchana andika 13:00, ukiandika 7:00 itaanza saa moja asubuhi mnapofungua. Muda huo watu wapo msikitini, kompyuta imetulia. 20 ni asilimia ya prosesa inayoruhusiwa wakati wa kuskani, ya kawaida ni 50. Usiweke 0 ukidhani ndiyo ndogo kuliko zote: 0 maana yake haina kikomo. Mstari wa mwisho ni wa lazima, la sivyo ile 20 haifuatwi kompyuta ikiwa imetulia. Na fahamu kuwa kikomo hicho kinahusu kuskani kwa ratiba tu. Ulinzi wa muda wote hakiugusi. Dawa yake ni ile ruhusa ya folda.

MzeeWaStoo

Asanteni sana wakuu. Ruhusa ya folda nimeweka, risiti inatoka sekunde chache. Lile faili lililofutwa linaitwa HackTool:Win32/AutoKMS. Nalirudishaje?

BiNjiti

Hilo usilirudishe. Njia ya kurudisha ipo: Protection history, fungua tukio, Actions, Restore, na ndiyo unayoitumia faili la halali linapokamatwa kwa makosa. Lakini AutoKMS si makosa, ni kile kifaa cha kudanganya leseni ya Windows au Office. Kinaendeshwa kwa haki zote za Administrator, na aliyekifungasha anaweza kuweka kingine ndani yake usikione. Kwenye kompyuta inayoshika madeni ya wateja, hapana. Fungua Settings, Update & Security, Activation uone hali ya leseni. Kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa hapa mjini zilikuja na Windows halali kiwandani. Ukifunga upya toleo lilelile lililokuja nayo, mara nyingi leseni inajiamsha yenyewe ikipata intaneti.

fundi_gerezani

BiNjiti umenisahihisha, nakubali. Lakini mzee, hata Defender ikitulia, diski ya kuzunguka ndiyo kobe mwenyewe. Inasoma mafaili madogo yaliyotawanyika kama mia hivi kwa sekunde. SSD ya kawaida, yaani diski isiyozunguka, inasoma maelfu kwa maelfu. Antivairasi kazi yake ni hiyohiyo, mafaili madogo mengi, ndiyo maana inaonekana yeye ndiye mchawi.

Nunua SSD ya inchi 2.5 SATA, GB 240 inatosha mradi ulichotumia kwenye ile 500 kisizidi hapo. Kwenye kompyuta ya mezani angalia kama kuna waya wa SATA wa ziada na kichwa cha umeme kilicho wazi, vinginevyo nunua waya palepale, usirudi Kariakoo mara mbili kwa jua hili. Hamisha Windows nzima kwa programu ya kukloni (kunakili diski yote kama ilivyo), halafu ile ya zamani iache humo kwa ajili ya bakapu.

RAM: fungua Task Manager, Performance, Memory. Itakuonyesha kasi na nafasi ngapi zimetumika. Ikisoma 1333 au 1600 tafuta DDR3, ikisoma 2133, 2400 au 2666 tafuta DDR4. Haziingiliani, pengo la katikati limekaa tofauti. Na useme ya mezani, wasikupe ile fupi ya laptopu. Ongeza nyingine ya GB 4.

saa_saba_mchana

Dogo la mwisho: ukitumia ruta ya 4G iliyowekwa kama Metered connection (intaneti ya kupimiwa) kulinda bando, Defender haipakui apdeti zake. Angalia AntivirusSignatureAge kwenye Get-MpComputerStatus. Ikizidi 7, yaani siku 7, pakua mpam-fe.exe, faili la apdeti za Defender, ya biti 64 kutoka tovuti ya Microsoft kwenye kompyuta nyingine, ilete kwa flashi, iendeshe. Inazidi MB 100, ipakue penye waifai. Windows 10 yenyewe iliacha kupewa apdeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, ila apdeti za Defender Microsoft wamesema zitaendelea hadi Oktoba 2028.

Flashi zinazotoka steshenari, bofya kulia, Scan with Microsoft Defender, kabla ya kufungua chochote. Ukikuta folda zote zimegeuka shotikati usizibofye. Skani kwanza, kisha kama flashi ni E: fungua Command Prompt uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zako halisi zitatokea.