Mapumziko kati ya raundi za mita 400: muda gani, na nisimame au nijogi?

kiatu_chepesi: Wakuu, najiandaa na mbio za kilomita 5, lengo dakika 20. Nafanya raundi 10 za mita 400, kila moja sekunde 84, kisha nasimama dakika 1. Hadi ya tano niko vizuri, ya sita miguu inakuwa mizito, ya nane inafika 97. Niongeze mapumziko au nipunguze raundi?

raundi_ya_kengele: Mkuu, raundi ziache kama zilivyo, shida ni kasi. Dakika 20 kwa kilomita 5 ni sekunde 96 kwa kila mita 400. Hiyo 84 ni kasi ya mtu wa dakika 17 na nusu, na kwake pia dakika 1 ni finyu. Kimbia 94 hadi 96, halafu jogi mita 200 taratibu, sekunde 80 hadi 90 hivi. Ya kumi ikilingana na ya kwanza, umepatia. Zikianza kuwa rahisi, kata mapumziko kwa sekunde 10 na kasi ibaki palepale. Wengi hufanya kinyume: wanapandisha kasi, mapumziko yanarefuka, na siku ya mashindano hakuna mapumziko.

mama_kocha: Na usisimame tuli. Misuli ya miguu ikitembea husukuma damu irudi moyoni; ukiganda, damu inabaki chini, ndiyo kile kizunguzungu cha kushika magoti. Weka vidole viwili pembeni ya shingo, hesabu mapigo sekunde 10. Yakishuka hadi 20, yaani 120 kwa dakika, anza raundi inayofuata (mtu mzima zaidi asubiri yashuke kidogo tena). Kocha Mjerumani Woldemar Gerschler alitumia kipimo hicho miaka ya 1930: mapigo yasiposhuka hadi 120 ndani ya sekunde 90, raundi ilikuwa kali mno. Mwanafunzi wake Rudolf Harbig aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 mwaka 1939, dakika 1 na sekunde 46.6.

vumbi_jekundu: Kama unajenga mbio fupi, mita 100 kwa nguvu zote, hapo tembea dakika 3 hadi 5 ili akiba ya nguvu ya haraka kwenye misuli ijae. Huna uwanja? Fanya kama wakimbiaji wa Iten, Kenya: dakika 1 kasi, dakika 1 polepole, mara 20. Hiyo ya polepole unakimbia, hutembei.

kiatu_chepesi: Asanteni sana. Na raundi ya sita ikizidi sekunde 98?

raundi_ya_kengele: Ishia hapo. Jogi dakika 10 za kupoa, nenda nyumbani.