Kijiji cha Eyam na kumbukumbu za tauni

Mkazi wa Marangu: Wakuu, salaam. Mapango ya kale ya Wachagga hapa kwetu hutembelewa na wageni, lakini naona simulizi zake zinafifia. Naomba kufahamishwa jinsi kijiji kidogo cha Eyam, Derbyshire, nchini Uingereza, kinavyotunza historia yake.

Mwalimu, Moshi: Mkuu, tauni iliingia Eyam mwaka 1665, na husimuliwa kwamba ililetwa na mzigo wa vitambaa kutoka London. Mwaka 1666 mchungaji William Mompesson, akisaidiwa na mtangulizi wake Thomas Stanley, aliwashawishi wanakijiji wasitoke, ili ugonjwa usiwafikie majirani. Chakula kililetwa mpakani, na malipo yakaachwa kwenye jiwe lenye vishimo, sarafu zikiwa zimelowekwa katika siki. Jiwe hilo lipo hadi leo, na kingo za vishimo vyake zimelainika.

Msomaji, Arusha: Nakubaliana na Mwalimu. Aidha, kila Jumapili ya mwisho ya Agosti hufanyika ibada ya kumbukumbu, na vibao vilivyo mbele ya baadhi ya nyumba hutaja majina ya waliofia humo. Ndugu yangu wa Marangu, ningeanza na vibao hivyo: muwaulize wazee sasa, kisha muandike kwenye mlango wa kila pango ukoo uliolichimba.